Piano za jukwaani: Kilo au sauti, mwenye mtaji alipie kipi?

MFANYABIASHARA mwenye fedha za kununua piano moja tu ya umeme, iwe ya kukodisha, ya bendi au ya hoteli, hufika dukani akakuta mbili za kampuni ileile. Yamaha ya Japani iliingiza sokoni mwaka 2023 piano aina ya P-145 yenye uzito wa kilo 11.1. Mwaka huohuo ilitoa P-525 yenye kilo 22. Zote zina vibonye 88 kama piano kubwa ya ukumbini. Moja hubebwa kwapani na kijana mmoja. Nyingine inataka watu wawili, na bei yake ni mara kadhaa ya mwenzake.

Muuzaji atamwambia mteja kuwa ile nzito ina sauti bora, na hasemi uongo. Lakini suala la mwenye mtaji ni jingine: Je, ubora huo utamrudishia fedha, au utaishia kwenye nauli na migongo ya wabebaji?

Kabla ya kujibu, hapana budi kutenganisha bidhaa mbili ambazo wengi huzichanganya. Kinanda cha kawaida, kile kinachotumika sana katika taarab ya kisasa na harusini, kina vibonye vyepesi vinavyorudi kwa springi, pamoja na midundo iliyokwisha tayarishwa ndani yake. Piano ya jukwaani ni kitu kingine. Vibonye vyake vina uzito, na chini ya kila kimoja kuna nyundo ndogo, ili mpigaji ahisi kama yuko kwenye piano halisi ya nyuzi. Mteja anayetaka midundo ya taarab akiuziwa piano ya jukwaani atairudisha. Mpigaji wa jazi au wa kwaya aliyefundishwa kwa piano akipewa kinanda chepesi, hatakodi mara ya pili.

WALIKOTOKA

Tatizo la uzito ni la zamani kuliko umeme wenyewe. Piano kubwa ya tamasha yenye urefu wa karibu mita 2.7 ina uzito unaokaribia kilo 500. Hata ile ya kusimama ya nyumbani mara nyingi hupita kilo 200. Hakuna bendi inayoweza kuhama nayo kila Ijumaa.

Mmarekani Harold Rhodes alileta nafuu kwa piano yake ya umeme ambayo nyundo zake hugonga vijiti vya chuma badala ya nyuzi. Ile ya jukwaani yenye vibonye 73, iliyotoka mwaka 1970, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 60. Mwaka 1976 Yamaha ikatoa CP-70 yenye nyuzi za kweli, ambayo ilifunguliwa vipande viwili ili isafirishwe. Hata hivyo ilipita kilo 100. Katika miaka ya 1980 zikaja piano za dijitali, ikiwamo RD-1000 ya Roland ya mwaka 1986, na nyuzi zikatoka kabisa ndani ya sanduku. Tangu hapo uzito umekuwa ukishuka, na leo kilo 11 si ajabu tena.

KILO ZINATOKA WAPI?

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Sauti yenyewe haina uzito. Piano ya dijitali huhifadhi sampuli za sauti, yaani rekodi za piano halisi zilizochukuliwa kibonye kwa kibonye, kwa kugonga polepole na kwa nguvu. Rekodi hizo hukaa katika kipande cha kumbukumbu kisichozidi ukubwa wa kucha. Rekodi zikiongezwa mara kumi, mizani haitasogea.

Kilo hutoka katika mambo manne. Kwanza ni vibonye na nyundo zake. Vya mbao na vyenye mtambo mrefu ni vizito kuliko vya plastiki. Pili ni bodi: Ya chuma huvumilia safari nyingi, ya plastiki huhitaji huruma. Tatu ni spika na amplifaya vilivyo ndani. Nne ni mtambo wa kupozea umeme, ambao katika piano nyingi nyepesi umetolewa nje na kuwa adapta ndogo.

Ushahidi uko kwenye mizani. RD-2000 ya Roland, iliyotoka mwaka 2017, ina kilo 21.7 na haina spika. RD-88 ya kampuni hiyohiyo, ya mwaka 2020, ina kilo 13.5 na spika ndogo zimo ndani. Tofauti ya kilo nane haikutokana na sauti kukatwa. Imetokana zaidi na vibonye, bodi na idadi ya vidhibiti. Hali kadhalika, CP88 ya Yamaha ya mwaka 2019 ina kilo 18.6, wakati ndugu yake CP73 ana kilo 13.1. Sauti za ndani ni zilezile. Kilichopungua ni vibonye 15 pamoja na mbao zilizotumika kutengenezea vibonye vya ile kubwa.

Kwa hiyo anayelipia kilo analipia zaidi vidole vya mpigaji na uimara wa chombo kuliko masikio ya wasikilizaji. Jambo hilo si dogo, kwani mpigaji mzuri akipewa vibonye vibovu hupiga vibaya, na wasikilizaji watasikia. Lakini ni vema mnunuzi ajue anacholipia.

SAUTI YA DUKANI NA SAUTI YA UKUMBINI

Ubora wa sauti hupimwa kwa mambo mawili ambayo mnunuzi anaweza kuyaelewa bila kuwa fundi. La kwanza ni wingi na uangalifu wa sampuli. Piano ya bei ya chini inaweza kuwa na rekodi chache kwa kila kibonye, hivyo kupiga kwa upole na kupiga kwa nguvu hutofautiana kwa ukubwa wa sauti tu, si kwa rangi yake. Ya bei ya juu hubadilika rangi kama piano ya kweli, na huongeza hata mlio wa nyuzi za jirani pale pedali inapokanyagwa.

La pili ni idadi ya sauti zinazoweza kulia kwa pamoja. P-145 ina 64, na P-525 ina 256. Binadamu ana vidole kumi, na mtu anaweza kuuliza za nini zote hizo. Jibu ni pedali. Mpigaji akiikanyaga na kuendelea kupiga, sauti za mwanzo zinaendelea kulia chini ya mpya. Zikijaa, chombo hukata zile za zamani. Katika wimbo wa kwaya wa kawaida 64 zinatosha. Katika muziki mzito wenye pedali ndefu, mwenye sikio atagundua pengo.

Hata hivyo, sauti inayosikika dukani kwa spika za masikioni siyo itakayosikika ukumbini. Rekodi za piano nyingi ni za pande mbili, kushoto na kulia. Mitambo mingi ya kumbi, makanisa na bustani za hoteli huunganishwa kwa upande mmoja tu. Pande mbili zikichanganywa kuwa moja, baadhi ya mawimbi huuana, na piano iliyokuwa tamu dukani husikika kama iliyo ndani ya pipa. Kuna piano za bei ya juu zinazoharibika kwa namna hiyo, na za bei ya chini zinazopona.

Kipimo chake ni rahisi na hakilipiwi. Mnunuzi aende dukani na waya mmoja na spika moja yenye amplifaya, achomeke upande mmoja, asikilize, kisha alinganishe. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshajibu swali.

Aidha, ukumbi wenye ngoma, gitaa la besi na waimbaji watano hufunika yale mazuri madogo yanayoongeza bei. Yanasikika pale piano inapopigwa peke yake: Katika ukumbi wa hoteli wakati wa chakula cha jioni, kanisani wakati wa sala, au studio.

HESABU YA MKODISHAJI

Mfano ufuatao ni wa kufundishia hesabu tu. Kila mtu aweke bei za mtaa wake.

Tuseme piano nyepesi imenunuliwa kwa Sh. 2,000,000 na nzito kwa Sh. 5,000,000. Nyepesi inakodishwa kwa Sh. 100,000 kwa kazi moja na husafiri kwa bajaji, kwenda na kurudi Sh. 20,000. Inabaki Sh. 80,000. Nzito inakodishwa kwa Sh. 150,000, lakini inahitaji kirikuu na mbebaji, jumla Sh. 60,000. Inabaki Sh. 90,000.

Nyepesi inarudisha mtaji wake baada ya kazi 25. Kwa kazi nane kwa mwezi, hiyo ni zaidi kidogo ya miezi mitatu. Nzito inahitaji kazi 56, yaani miezi saba. Wapo watakaosema miezi saba si mingi. Lakini tazama tena: Nzito inamzidi mwenzake kwa Sh. 10,000 tu kila kazi. Ili zile Sh. 3,000,000 zilizoongezwa dukani zirudi, zinatakiwa kazi 300. Kwa kazi nane kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miaka mitatu!

Sasa tuseme piano haisafiri. Imewekwa hotelini kwa mkataba, na mwenye hoteli yuko tayari kulipa ile tofauti ya Sh. 50,000 kwa kila usiku wa muziki. Zile Sh. 3,000,000 zinarudi baada ya kazi 60, yaani miezi saba na nusu, na baada ya hapo ni faida tupu.

Piano ni zilezile na bei ni zilezile. Kilichobadilisha hasara kuwa faida ni kama chombo kinahama au kinakaa. Na kama mteja hayuko tayari kulipa hata shilingi moja zaidi kwa sauti bora, hakuna idadi ya kazi itakayorudisha fedha hizo.

MZIGO MZIMA UPIMWE

Kosa la kawaida ni kupima piano peke yake. Mzigo wa mpigaji ni piano, stendi, pedali, waya na mkoba. Piano isiyo na spika ndani, kama CP88 au RD-2000, inahitaji spika ya nje pale ukumbi usipokuwa na mitambo. Spika hiyo pekee inaweza kuwa na kilo 15. Hivyo mwenye piano ya kilo 18 anaweza kujikuta na mzigo wa kilo 40, akiwa ameshindwa na mwenye piano ya kilo 22 yenye spika zake. Kasha gumu la safari nalo huweza kuongeza kilo kumi na zaidi.

Njia nayo ina neno lake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, vichochoro vingi havipitishi gari. Mzigo hushushwa pembeni na safari ya mwisho ni ya mkokoteni au mabega. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji anayesema kilo 22 si kitu hatakuwapo kwenye ngazi za ghorofa ya tatu.

Kwa wanaosafiri kwa ndege, tahadhari ni kubwa zaidi. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa mzigo mmoja wa daraja la kawaida, na jumla ya urefu, upana na kimo isizidi sentimita 158. Piano nyepesi ya vibonye 88 inapita kwa kilo, lakini urefu wake pekee ni kama sentimita 132. Ukijumlisha upana na kimo, hata bila mkoba, inavuka 170. Italipiwa kama mzigo mkubwa kupita kiasi. Anayeruka mara kwa mara atazame zenye vibonye 73 au 61, na hata hizo azipime zikiwa ndani ya mkoba.

MWAGIZAJI HANUFAIKI NA WEPESI

Wafanyabiashara wanaoagiza kutoka nje wasidhani kuwa piano nyepesi ina gharama ndogo ya ndege. Kampuni za mizigo hutoza kwa kilo za mizani au kwa kilo za ujazo, kubwa kati ya hizo. Kilo za ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawa kwa 6,000. Sanduku la sentimita 145 kwa 45 kwa 28 linatoa kilo 30. Hivyo piano ya kilo 11 na ya kilo 22, zikiwa katika masanduku ya ukubwa huo, zote zinalipiwa kilo 30! Wasafirishaji wa vifurushi wanaogawa kwa 5,000 watatoza zaidi ya kilo 36.

Kwa meli hesabu ni ya mita za ujazo, na masanduku matano ya namna hiyo yanaingia katika mita moja. Kwa mwagizaji, basi, wepesi si akiba. Ni sifa ya kumuuzia mteja. Katika hati za forodha bidhaa hii huangukia namba 9207.10, ya ala za vibonye zinazotoa sauti kwa umeme. Kodi ya ongezeko la thamani, kwa kiwango cha kawaida asilimia 18 Tanzania Bara na asilimia 16 Kenya, nayo iingizwe katika hesabu kabla ya kupanga bei, si baada ya mzigo kufika bandarini.

MTUMBA UKAGULIWE

Soko la mitumba lina faida yake, lakini lina mitego. Wa kwanza ni umeme. Japani hutumia volti 100, Afrika Mashariki 230 hadi 240. Piano nyepesi ikiwa na adapta ya nje, tatizo huisha kwa kununua adapta sahihi. Nzito yenye mtambo wa umeme ndani, ikiwa ilitengenezwa kwa soko la Japani, huungua siku ya kwanza isipotumia transfoma. Transfoma nayo ni mzigo mwingine. Maandishi ya volti yapo nyuma au chini ya chombo. Yasomwe kabla ya kulipa.

Mtego wa pili ni vibonye. Chini ya kila kimoja kuna mpira wa mguso. Vumbi na unyevu wa pwani huuharibu, na dalili yake ni kibonye kinacholia kwa kelele ghafla hata kikiguswa polepole, au kisicholia kabisa. Vyote 88 vipigwe kimoja kimoja, kwa upole kisha kwa nguvu. Kazi hiyo haimalizi dakika kumi.

Mtego wa tatu ni matundu ya waya. P-45 ya Yamaha, iliyotoka mwaka 2015 na yenye kilo 11.5, haina tundu la pekee la kupeleka sauti kwenye mitambo. Hutumia lile la spika za masikioni, na ukichomeka hapo spika zake za ndani hunyamaza. P-145 iliyoirithi ni hivyohivyo. P-225 ya kilo 11.5 imeongezewa matundu ya pembeni. Kwa anayepiga nyumbani tofauti hiyo haina maana. Kwa mkodishaji ina maana kubwa, kwani mpigaji asiyejisikia atapiga ovyo mbele ya watu.

Jambo la kuongezea ni betri. PX-S1100 ya Casio, ya mwaka 2021 na yenye kilo 11.2, hufanya kazi hata kwa betri sita ndogo za AA. Mahali umeme unapokatika katikati ya ibada, sifa hiyo inaweza kuleta wateja kuliko sampuli za kifahari.

MTEJA NI NANI?

Mwisho wa hesabu zote ni kumjua mteja. Bendi inayohama kila wiki, mwalimu anayefundisha majumbani na mkodishaji wa harusi wanafaa kilo 11 hadi 15, wakihakikisha matundu ya waya yapo na sauti haifi kwa upande mmoja. Hoteli, kanisa lenye jengo lake, shule ya muziki na studio hawana sababu ya kuogopa kilo. Kwao piano haihami, na vibonye vizuri hudumu na kumridhisha mpigaji aliyefundishwa. Anayesimama katikati, leo hotelini na kesho bustanini, atazame daraja la kilo 13 hadi 18, akijua kuwa bei yake si ya chini.

Mwenye mtaji mdogo asiye na mkataba wowote mkononi aanze na nyepesi, aitumie kutafuta wateja, na faida yake inunue nzito siku mkataba wa kukaa utakapopatikana. Kuanza na nzito kwa matumaini kuwa mkataba utakuja ni kufunga Sh. 3,000,000 stoo.

Na kabla ya kutoa fedha, mnunuzi afanye jambo moja ambalo halipo katika kijitabu chochote cha kampuni. Aombe ruhusa ya kuibeba piano ndani ya mkoba wake, pamoja na stendi, kutoka dukani hadi barabarani na kurudi. Akifika bado anatabasamu, akae sasa chini na kusikiliza sauti.